Kwa Sidi, Anayekwenda Kusomea Wadudu

Sidi, mama yangu,

Barua ya adabu huanza kwa kuulizana hali. Hali yako naijua. Umetoka hapa sasa hivi kwenda kusukwa nywele, umekula mihogo sahani mbili na bado ukamnyang'anya ndugu yako ya kwake. Yangu nayo unaijua, ni ile ile ya mwanamume mzuri wa Mtopanga ambaye uzee unaogopa kumkaribia. Basi salamu zimekwisha.

Mama yako yuko ndani, anapanga sanduku lako kwa mara ya tatu. Habari za sweta, za dawa ya malaria, za kutokula vitu vya barabarani huko bara, utazipata kwake kesho hadi basi ling'oe magurudumu. Huo ni uwanja wake, nami siingii uwanja wa mtu. Mimi nimechana karatasi za katikati ya daftari, nimekaa hapa barazani kabla jua halijatua, kwa sababu ya neno ulilonambia juzi jikoni. Ulisema, "Baba, nikifika nitaomba wanihamishe. Nitasoma uuguzi. Usione haya tena kwa ajili yangu."

Ulisema kwa upole, ukiosha vikombe. Ungenipigia kelele ningejua la kujibu. Mimi kelele nimezizoea, nimefanya kazi melini na nimeoa kwa kina mama yako. Upole ulinishinda. Nikatoka nje nikajifanya naangalia tangi la maji.

Tuanze pale nilipokosea, au tuseme pale nilipokosea mara ya mwisho, maana nimekosea mara nyingi na kwa ustadi.

Siku barua ya chuo ilipokuja nilikuwa nikiuza nazi zangu sokoni Kongowea. Ulinipigia simu, ukanisomea: sayansi ya wadudu. Nikauliza, "Ya nini?" Ukasema, "Ya wadudu, baba. Entomolojia. Au ukitaka, elimuwadudu." Ukacheka, ukanambia majina matatu, kitu kimoja. Nikakupa hongera, nikakata simu, na Charo wa mkokoteni alikuwa amesimama hapo kaegemea mzigo wake. Akauliza, "Mtoto kapata chuo? Anasomea nini?" Nami bila kumeza mate nikasema, "Udaktari."

Charo ni redio isiyo na kidude cha kuzimia. Kufika saa kumi habari ilikuwa imefika kwa watu wa vitunguu, na jioni niliporudi nyumbani niliikuta imenitangulia. Bi Mwanaisha wa mahamri alisimama mlangoni pake akapiga kigelegele. Nawe ulikuwa ndani, ukakisikia, ukadhani ni cha wadudu.

Nilijitetea moyoni. Nilisema, mbona mtu akisoma sana, hata akisoma mende, mwisho wa safari huitwa daktari? Basi mimi sikudanganya, nimeitanguliza tu. Unaona baba yako anavyojua kujipaka mafuta.

Wiki nzima ukaitwa Daktari mtaani, ukawa unainamisha kichwa na kupita. Sikuona kitu. Hadi juzi, Bi Mwanaisha alipoingia hapa, akavua kiatu, akaweka mguu wake wenye kidonda juu ya kigoda mbele yako na kusema, "Daktari wangu, niangalie. Mwezi wa pili huu hakiponi." Uliniangalia mimi kwanza. Ningeweza kusema neno pale. Nilikohoa. Wewe ukapiga magoti, ukakitazama kile kidonda kama mtu anayekiheshimu, ukamwambia, "Nyanya, mimi si daktari na sijui tiba. Lakini kidonda kisichopona, nenda wakakupime sukari. Nenda kesho, usingoje." Akakubusu kichwani. Kisha ukaenda kuosha vikombe.

Sasa nikueleze kwa nini mtu mzima mwenye akili zake alionee haya neno wadudu. Ni hadithi ndefu kidogo, na katika hiyo mimi si shujaa, kwa hivyo jua ni ya kweli.

Unajua nimesoma hadi kidato cha pili, na hicho cha pili nilikitoka kwa mlango wa nyuma. Nikapata kazi ya jikoni melini. Nimetia mguu bandari kumi na mbili. Mama yako husema nne, na moja hatukuteremka, mwache, hakuwepo. Katika meli yetu alikuwepo afisa wa redio, mtu wa visiwani, tukimwita Maalim. Mimi nikimpelekea chai, yeye akinipa maneno. Alinambia elimu ya nyota ni falaki, wengine huiita astronomia, na mjinga huichanganya na unajimu, ambao ni kutazamia bahati. Elimu ya mawe, jiolojia. Ya mimea, botania. Ya lugha, isimu. Nilimuuliza mbona elimu moja ina majina mawili, matatu? Akanijibu kwa swali, "Wewe una majina mangapi?" Nikahesabu. Nyumbani ni Kazungu, kanisani ni Emanueli, melini waliniita Viazi. "Na ukiitwa yote matatu," akasema, "vinageuka vichwa vingapi?"

Ningeishika hiyo, ningekuwa mtu. Lakini mimi nilipenda ule mlio. Kila chai, neno jipya. Nilishuka melini na gunia la majina, elimu zenyewe nimeziacha kule kule, kama mtu aliyebeba makumbi akaacha nazi.

Nikarudi, nikataka kuoa. Wazee wa mama yako wakauliza mshenga, kijana anafanya kazi gani? Mshenga akasema kama nilivyomfunza: mhandisi wa mitambo ya baharini. Babu yako akatafuna, akasema, "Vizuri. Pampu yetu ya kisima imekufa wiki tatu." Nikapelekwa kisimani na suruali yangu ya posa. Nilifungua kila kilichofunguka. Niliporudisha, vyuma vinne vilibaki mkononi, na vya namna hiyo havibaki kwa bahati nzuri. Babu yako akaviangalia, akaniangalia, akauliza, "Kijana, kule melini ulikuwa ukifanya nini hasa?" Nikasema, "Namenya viazi, baba." Akasema, "Ungesema viazi. Binti angekupenda na viazi vyako, na sisi tungekuwa na pampu."

Watu hucheka nikisimulia hiyo, nami husimulia kila arusi. Lakini ile ya pili sijawahi kuisimulia. Hata mama yako anaijua nusu.

Mwaka ule ule nilikwenda Kaloleni kwa mama yangu, Hawe wako, ambaye jina lake umelibeba na ndiyo sababu nakuita mama tangu ulipokuwa wa kupakatwa. Shamba lake lilikuwa na minazi thelathini na kitu. Mikongwe tisa ilikuwa haizai vizuri. Nikamwambia nitaikata, nipasue mbao, nitengeneze viti na meza za mahoteli. Mimi mtu niliyeona dunia. Akakubali; minazi yake, mwanawe. Nikaikata tisa kwa siku mbili, yakalala magogo shambani kama watu waliolewa. Kisha fundi wa msumeno hakuja, nami nilikuwa na haraka ya kurudi mjini.

Mama akanifuata hadi njiani. Akasema, "Kazungu, usiyaache haya. Yapasue au yachome. Gogo la mnazi likioza huleta chonga."

Wewe unamjua chonga kuliko mimi. Lakini barua hukaa, huenda siku moja ikasomwa na mwanao aliyezaliwa huko bara, basi nimweleze: ni yule mdudu mweusi mkubwa mwenye pembe puani, anayetoboa moyo wa mnazi na kula kuti changa kabla halijafunguka. Kuti likifunguka unaliona limekatwa kama kwa mkasi. Akifika ndani kabisa, mnazi umekwisha.

Nilimjibu nini mama? Nilikuwa na neno. Maalim alikuwa amenipa: agronomia. Nikamwambia, "Mama, hizo ni habari za zamani. Kuna agronomia."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Elimu ya mashamba. Ya kisasa."

Akafikiri. Akauliza kwa heshima, Sidi, heshima ambayo mama hapaswi kumpa mwana kwa jambo ambalo mama ndiye analijua. "Na hiyo elimu inasema magogo yalale chini?"

Nikasema, "Inasema."

Haisemi. Sikuwa najua inasema nini. Nilijua jina tu. Nikampiga mama yangu na jina la elimu, akanyamaza, nami nikaenda zangu.

Nikasema nitarudi mwezi ujao. Mvua ikanyesha, ikanyesha tena. Nilikuwa nimeoa, nina shughuli zangu, nina baraza ya kupigia soga. Niliporudi magogo yalikuwa laini kama mkate wa juzi, na minazi iliyosimama ilikuwa imeanza kukatika makuti. Ulikufa mmoja, ikafa mitatu. Majirani wakasema ni mwaka mbaya. Wengine wakasema kuna mkono wa mtu, nami, Mungu anisamehe, nilitikisa kichwa pamoja nao kama asiyejua ni mkono wa nani.

Mama alitafuta waya mgumu, akaupinda ncha kama ndoana, akaanza kumpandisha mkwezi kila Jumamosi kuwachokoa chonga mmoja mmoja kutoka mioyo ya minazi. Yeye yuko chini na kopo, akiwahesabu. Alijua mnazi gani umeingiliwa kwa kutazama tu unga wa nyuzi unaotoka kwenye tundu. Alijua wanaruka giza likiingia, na wanapenda taa. Alijua madume na majike. Hakujua kusoma hata jina lake.

Na wewe ndiye uliyekuja kushika lile kopo, likizo baada ya likizo. Ulikuwa na miaka saba ulipoanza, meno ya mbele huna. Nilikuwa nikija kukuchukua shule zikifungua nawakuta mmeinama wawili, Sidi mkubwa na Sidi mdogo, mmemlaza chonga chali juu ya jani mkimwangalia miguu. Siku moja, ushakuwa msichana wa sekondari, ulipasua kipande cha gogo kwa jembe, ukaniita, "Baba, njoo uone." Ndani walijaa wale weupe wanene, waliojikunja. Nikasema, "Funza." Ukasema, "Si funza, baba. Ni mabuu ya chonga. Wanazaliwa humu. Sasa nani aliyeyaacha magogo haya hapa miaka yote hii?"

Uliuliza hivi hivi tu, kama mtu anayeuliza saa ngapi. Mama yangu alikuwa amesimama nyuma yako na kopo lake. Aliniangalia. Kisha akakwambia, "Yaliangushwa na upepo, mjukuu wangu."

Minazi tisa, iliyokatwa kwa shoka, imechongoka ncha kama penseli. Upepo gani huo.

Yalikuwa yangu, Sidi. Ndiyo hayo niliyotaka kukwambia. Mimi ndiye niliyewapa chonga nyumba. Minazi ya Hawe wako imekufa kumi na sita kwa uvivu wangu na kwa neno moja kubwa. Na siku uliponipigia simu ukasema wadudu, mimi sikusikia aibu yako. Nilisikia yangu. Nikatafuta jina la kuifunika, na la karibu lilikuwa udaktari. Kwa hivyo usinambie nisione haya kwa ajili yako. Sijaona haya kwa ajili yako hata siku moja, tangu ulipozaliwa na kichwa kikubwa nikakusifia hospitali nzima.

Sasa nikwambie nilichofanya leo asubuhi, maana wewe ulikuwa sokoni na mama yako na Charo hajapata nafasi ya kukutangazia.

Nilikwenda kwa Bi Mwanaisha wakati wa mahamri, benchi limejaa. Charo alikuwepo, na fundi cherehani, na yule jirani wetu mchungaji akichovya lake kwenye chai. Nikasimama. Nikasema, "Jamani, mwanangu hasomei udaktari. Nilisema uongo. Anasomea wadudu."

Bi Mwanaisha akageuka na upawa mkononi. "Wadudu gani?"

"Wote. Wanaoruka na wanaotambaa."

"Kwa hivyo mguu wangu," akasema, "umetazamwa na bingwa wa mende."

"Ndiyo, bi."

Akaweka upawa chini. Nikajua leo nitapigwa. Akasema, "Nilikwenda kupimwa jana. Ni sukari, kama alivyosema. Wameniandikia dawa, na mguu wanausafisha kila siku ya pili. Wale madaktari wenyewe wameniuliza nani aliyenituma mapema." Kisha akanitazama kwa macho yale ya kwao Lamu, unayajua, yanayokuvua nguo. "Yule mtoto aliniambia mwenyewe kwamba si daktari. Mimi nikadhani ni adabu. Kumbe ndani ya nyumba hiyo mkweli ni mmoja, na si wewe."

"Wallahi, si mimi," nikasema.

Mchungaji akacheka hadi chai ikampalia. Charo akauliza, kwa uzito wa mtu aliyepotezewa habari yake nzuri ya mwaka, "Sasa anayesomea wadudu huitwaje?" Nikamwambia: mtaalamu wa wadudu, ama mwanaentomolojia, ama bingwa wa elimuwadudu, chagua linalokutosha mdomo. Akayajaribu yote matatu, la pili likamshinda. Akasema, "Mimi nitasema binti yako, Baharia, anasoma wadudu. Na akija likizo aje aniangalie mlango, mchwa wameumaliza."

"Aanze na kitanda changu," akasema fundi cherehani, "kunguni wangu wamekuwa wapangaji."

Mwanangu, ulikuwa daktari wa watu wanne wenye adabu. Kwa neno wadudu, kabla chai haijapoa, ulikuwa na foleni. Bi Mwanaisha ametuma mahamri kumi na mawili ya safari yako. Yalikuwa kumi na mawili. Yatakapokufikia ni kumi.

Yale ya magogo sikuyasema pale benchini. Hayo ni yako kwanza. Ukitaka kunikasirikia, kasirika, ila usinikasirikie ukaenda kusoma uuguzi. Uuguzi ni kazi njema, mguu wa Bi Mwanaisha sasa unaoshwa na wauguzi. Lakini wewe hukuupenda. Uliuchukua kama mtu achukuavyo shuka kumfunika mlevi aliyelala njiani. Mimi nimeamka. Shuka rudisha.

Nakuomba jambo jingine, dogo. Huko utakutana na watu wenye magunia ya majina makubwa kuliko langu, na wengine watakuwa na nazi ndani ya makumbi kweli. Yachukue yote, uyaseme vizuri. Lakini siku utakapokuwa umesimama katika shamba la mama wa mtu, naye akakwambia gogo likioza huleta chonga, muulize amejuaje. Keti chini. Mpe kopo akuoneshe. Mimi nilikuwa na chuo kikuu nyumbani, kimevaa kanga, nikakiambia kuna agronomia.

Hawe wako, wiki ile ya mwisho, hawezi kula wala kukaa, alinishika mkono akaniuliza kitu kimoja. Si habari ya kaburi wala ya shamba atarithi nani. Aliuliza, "Yale magogo, Kazungu, utayapasua lini?" Nikamwambia, "Mwezi ujao, mama." Akatabasamu. Alinijua.

Yamebaki mawili, yale ya upande wa kisima. Hayo mengine yameshakuwa udongo. Na minazi iliyosimama ni saba, nayo bado inazaa.

Waya wake nimeufunga kwa gazeti, nimeutia chini kabisa ya sanduku lako mama yako alipokwenda kuzima jiko. Akiukuta atauliza, nawe mwambie ni chombo cha masomo, maana ndicho.

Kesho nikishakupandisha basi, sirudi Kongowea. Nazi zangu nimemwachia Charo. Nakwenda Kaloleni. Shoka nimelinoa leo mchana, na ule mlio uliokuwa ukiuuliza kabla hujatoka, ndio huo.

Baba yako,
Kazungu